Jeneza la Mninga Lililokwenda Chunyu Kumtafuta Mwenyewe

Kwanza niwajibu watu wa sokoni. Mjomba Anselmi hatukumzika, kwa sababu nilipofika na jeneza lake nilimkuta anakunywa uji. Mliolia kwa sauti pale nyumbani kwangu, ahsanteni sana. Machozi hayaozi, yatampata mtu siku nyingine. Na ninyi mliokula ubwabwa wa matanga, mwingine mkaufunga kwenye khanga, basi mlikula karamu ya uzima bila kujua.

Kila anayekuja kusaga mahindi ananiuliza ilikuwaje. Namhadithia, mashine inanguruma, nusu ya habari haisikiki, na hiyo nusu anaijaza mwenyewe. Juzi nimesikia eti mjomba alifufuka. Kwa hiyo leo naandika. Mimi darasa la nne sikulimaliza, lakini nina mashine ya kusaga, nina pikapu na nina nyumba ya bati isiyo na hata tobo, na waliomaliza vyuo wanapanga foleni kwangu kuomba lifti. Mkiona sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe. Ndicho mlichosomea.

NACHINGWEA, AMBAKO MAREHEMU ALISUBIRI VANISHI

Mnakumbuka padre wetu alivyotushika mwaka huu. Alisema tumezoea kuwa wafuasi wa Kristo Jumapili saa ya misa, halafu Jumatatu tunarudi kuwa wafuasi wa matumbo yetu. Akaagiza kila jumuiya igawane matendo ya huruma, kila mtu na lake, na alifanye siku za kazi.

Mwenyekiti wa jumuiya yetu, Mama Skolastika, mnamjua. Mwembamba kama ufagio, na akianza kazi anafagia kweli. Alisimama na kuyataja matendo. Kabla hajafika mwisho nilishanyoosha mkono nikasema, "Kuzika wafu, mimi hapa."

Wengine mliguna. Guneni. Kuzika kunahitaji gari, na gari ninalo. Halafu tusidanganyane: mazishini watu wapo. Unashusha jeneza, unamwaga udongo, padre anakutaja, mnakula. Kutembelea wagonjwa kuna nini? Kuna harufu, kuna giza, kuna mtu anayekohoa na mwingine anayekuomba umgeuze upande. Hilo wakaachiwa akina mama wasio na hata baiskeli, nao wakalipokea huku wanaimba. Nikaona mambo yamegawanyika vizuri kabisa.

Basi, asubuhi moja kondakta wa basi la Ruangwa akanifuata mashineni.

"Bwana Damiani, una salamu kutoka Chunyu. Mjomba wako anaumwa sana. Njoo na gari."

Nikazima mashine. Watu wote wakatua ndoo zao, kwa sababu wote walielewa. Sasa ninyi mnaonicheka, hebu niambieni: kwetu huku nani amewahi kutumiwa salamu kwamba fulani amekufa? Mtu akishikwa na mafua, utaambiwa ana mafua. Akivunjika mguu, utaambiwa kavunjika mguu. Ukiambiwa "anaumwa sana, njoo", nenda kanunue sanda. Baba yangu "aliumwa sana", nikafika nikakuta udongo umeshakauka. Mama yangu "aliumwa kidogo tu, usiwe na wasiwasi", nikafika wanachimba. Hii ya mjomba ilikuwa na "sana", tena na gari juu yake. Ingekuwa wazi kiasi gani tena?

Na sisi Wamwera, mjomba si mtu wa kupelekewa rambirambi na mtu mwingine. Ndugu wa mama ndiye mwenye ukoo. Akifa, macho yote kwa mpwa: amekuja na nini, amemzika kwenye nini. Huyu mjomba ndiye aliyenichukua nilipoacha shule, akanipa baiskeli yake isiyo na breki nibebe korosho. Baiskeli ile ndiyo mama wa pikapu hii. Nikaapa atalala kwenye mbao ambazo hakuna mtu wa Chunyu amewahi kulalia, hai wala mfu.

Nikaenda kwa fundi. "Mninga mtupu," nikamwambia. "Sitaki kuona mwembe hata kwenye msumari. Vishikio vya shaba, msalaba juu, vanishi upake mara mbili."

Fundi alifanya kazi nzuri, lakini ilikuwa masika na vanishi haikauki. Tulipepea kwa ungo. Tukawasha moto wa vifuu pembeni. Mama Skolastika, aliyekuwa ameshafunga mzigo wake ili aiwakilishe jumuiya, alikuja kutazama mara ya kwanza, akaja mara ya pili.

"Ndugu Damiani, maiti anasubiri vanishi?"

"Mama, watu wa Chunyu watashika. Wakibaki na rangi vidoleni watasema nimewapelekea masizi."

"Kule hawana barafu."

"Mjomba alikuwa mkavu tangu ujana. Atavumilia."

Jeneza likalala kwa fundi likikauka, nyumbani kwangu mkalala mnalia na kula, na Chunyu mtu mmoja alilala anahesabu pumzi. Lakini hilo halikuwa kwenye salamu. Au lilikuwemo, ila hakuna aliyelisikia.

MARAMBO, AMBAKO MJOMBA ALISAMEHEWA

Tuliondoka alfajiri, mimi kwenye usukani, Mama Skolastika pembeni na rozari yake, jeneza nyuma limefungwa kamba. Tulipita Marambo kuchukua unga wa muhogo wa kulishia waombolezaji, nilikuwa nimeuacha kwa mkulima mmoja.

Sijawahi kuheshimiwa njiani kama siku ile, na mimi ni mtu wa kuheshimiwa. Wenye baiskeli walishuka. Wazee walivua kofia. Wanawake waliokuwa wakipalilia walisimamisha majembe, wakashika viuno, wakatikisa vichwa. Nikawa naendesha polepole ili wamalize. Mama Skolastika akasema, "Unaendesha kama bibi harusi." Sikumjibu, kwa sababu alikuwa kwenye fungu la tatu la rozari na sikutaka kumkatisha sala.

Pale kigangoni Marambo katekista alitoka barabarani, akapunga kitabu chake. Nikasimama. Watu wakalizunguka gari.

"Poleni, ndugu katika Kristo. Marehemu tunamwombea hapahapa."

Mama Skolastika akaniminya ubavu. "Mwambie ni tupu," akanong'ona. "Maiti iko Chunyu."

"Mwambie wewe. Wewe ndiye mwenyekiti."

"Gari ni la nani?"

Tukiwa bado tunagombana kwa midomo iliyofumbwa, katekista alishaanza. Akauliza jina la marehemu, nikampa. Sikieni, yule bwana anajua kuomba. Aliliwekea mkono lile jeneza, akamwombea Mjomba Anselmi msamaha wa ulevi, wa wivu, wa kuchelewa misa, wa kuhamisha mipaka ya mashamba. Mjomba wangu hanywi, na shamba lake limepakana na mto. Lakini umati uliitikia "Utusikie", nami nikaitikia. Mtu akisamehewa bure, wewe unamkatalia kwa nini? Kikongwe mmoja akalibusu jeneza. Alipoinua uso nilimwangalia mdomo kwanza. Haukuwa na rangi. Nikamtazama Mama Skolastika kumwonyesha faida ya kusubiri.

Halafu chakula. Ugali wa muhogo, kisamvu kilichopondwa na karanga mpaka kikalainika kama siagi, na samaki wakavu wa mtoni. Huwezi kukataa chakula cha wanaokupa pole. Tulikula. Jua likapanda. Yule kikongwe akaniuliza, "Aliumwa nini, baba?"

"Sikuwepo, bibi," nikasema.

"Aaa," akasema, kisha akaniongezea kisamvu.

RUANGWA, AMBAKO KILA ALIYEKANA ALITHIBITISHA

Mjini Ruangwa tuliegesha karibu na stendi, nikatafute dizeli na chai. Ndani ya mgahawa nikamwona yuleyule kondakta aliyeniletea salamu, ana chapati mkononi. Aliponiona akafurahi. Halafu akaliona jeneza kupitia dirishani, chapati ikasimama njiani kabla haijafika mdomoni.

"Bwana Damiani, hilo la nani?"

"La mjomba."

"Amefariki?"

"Si wewe uliyeniambia?"

"Mimi nimekwambia anaumwa!"

"Ndiyo. Anaumwa sana."

"Basi anaumwa sana, bwana!"

Nikamshika bega. Nilimwonea huruma, mtu mwenye adabu kiasi kile, mpaka nimefika na jeneza bado ananificha. "Asante, mdogo wangu. Nimeshapoa. Sema tu."

"Sina la kusema! Alinituma mzee mmoja wa kule, mwenye kanzu, Mzee Issa. Kaniambia, sema hivi: anaumwa sana, njoo na gari. Na usiongeze neno."

Nikamgeukia Mama Skolastika. "Umesikia? Usiongeze neno! Mtu mzima hakatazi maneno kama hakuna jambo."

Kidole cha Mama Skolastika kilikuwa kimesimama kwenye punje moja ya rozari. "Ndugu Damiani," akasema, "na kama anaumwa tu?"

"Mama, wewe umezaliwa wapi?"

"Nachingwea."

"Basi."

Lakini nawaambia, chai ile sikuimaliza. Si kwamba nilikuwa na wasiwasi. Ilikuwa na sukari nyingi.

KORONGONI, AMBAKO MAREHEMU ALIONEKANA MWEPESI

Kati ya Ruangwa na Chunyu kuna korongo ambalo masika huwa ni uji. Vijana wa pale wanaishi kwa kusukuma magari, na wenye ndimi mbaya husema matope yakianza kukauka wao huyamwagia maji. Tulizama mpaka kwenye ekseli. Vijana wakaja mbio wakicheka, wa mbele yao amevaa koti la mvua la kike, jekundu, na huyo ndiye msemaji.

"Mzee, leo ni siku yetu!" Halafu akaona kilichoko nyuma. Akavua kofia. "Samahani, mzee. Hatukujua. Msiba hatuulizi kitu. Maiti kwanza ashuke, gari lipungue."

Wakalifungua jeneza kamba na kuliweka mabegani. Wale vijana wamebeba magunia ya ufuta tangu utoto, mabega yao ni mizani. Wakapiga hatua ya kwanza, wakatazamana.

"Marehemu ni mwepesi," akasema Koti Jekundu.

"Alifunga sana," akajibu Mama Skolastika, haraka mno. "Mtu wa Mungu."

"Alifunga mpaka mifupa?"

"Kwaresma tatu."

Wakavuka naye, taratibu, wakiimba. Gari likatoka. Nikataka kuwapa chochote, wakakataa, wakasema msiba ni wa wote. Tukaondoka. Mama Skolastika akaegemeza kichwa kwenye kioo.

"Nimesema uongo nimeshika rozari," akasema.

"Umesema kwa ajili ya huruma."

"Huruma ya nani?"

Mawingu yalikuwa yanajikusanya nyuma yetu, meusi kama sufuria ya pombe. Nikakanyaga mafuta.

CHUNYU, AMBAKO JENEZA LILIPATA MTU, SI MWENYEWE

Ukikaribia nyumba ya msiba unaanza kulia mbali, watu wakusikie. Mama Skolastika ana kilio kizuri, cha kuheshimika. Alikianzia kwenye mikorosho ya mwanzo: "Babaaa, umetuachaaa!" Nilishusha kioo nikafuatia kwa sauti yangu nzito. Watoto wakatukimbilia. Kuku wakatawanyika. Ila uwanjani kwa mjomba hapakuwa na turubai, hapakuwa na moto, hapakuwa na mkeka hata mmoja. Alikuwepo mzee mmoja tu wa kanzu mlangoni, ameshika bakuli na kijiko, anatutazama.

Ndani ya nyumba ikatoka sauti nyembamba: "Issa! Nani anayelia huko nje? Kafa nani?"

Kilio cha Mama Skolastika kikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

Mzee Issa akaweka bakuli chini. Ni Myao, Mwislamu, jirani wa mjomba, na kwa kabila ni mtani wetu. Mtani ana ruhusa ya kukusema hadharani, kukuchukulia kuku, hata kulala kaburini kwako msibani, nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, umeshindwa na umefedhehesha ukoo. Alilizunguka jeneza. Alipapasa vishikio.

"Wamwera!" akaita, ili majirani wasikose. "Jamani, njooni mwone Wamwera! Zamani mlikuwa mnasubiri mtu afe. Siku hizi mnamfuata na sanduku anakunywa uji?"

"Mzee Issa, shikamoo..."

"Marahaba, mzika-wazima. Nilituma gari, nimeletewa kabati. Hebu nilipime, maana mgonjwa hawezi kuamka."

Akapanda kwenye pikapu, akafungua kifuniko, akajilaza ndani na kanzu yake, akakunja mikono kifuani. "Pazuri! Ila hapana dirisha. Mimi hapa sitoki mpaka nipewe kuku."

Majirani walikuwa wameshajaa na wanakufa kwa kucheka. Nikasimama pale na suti yangu ya msiba. Nikamwinamia.

"Kwa nini hukusema wazi kwamba mjomba yuko hai?"

Akafumbua jicho moja. "Nilisema anaumwa. Anaumwa ni mtu aliye hai, Mmwera. Aliyekufa haumwi."

Nikamwacha humohumo akidai kuku wake.

Nikaingia ndani. Nyumba ilikuwa na giza, na paa linavuja kwenye kona aliyolazwa, wamemsogeza mpaka pasipo na pa kumsogeza. Kitanda cha kamba kimelegea kama nyavu. Na harufu ipo, sikuwadanganya. Mjomba alikuwa amebaki macho na mbavu. Kichomi. Kila akivuta pumzi ilikwama katikati, kama mtu anayepanda mlima na gunia.

"Dami," akasema. "Umekuja."

"Nimekuja, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Wanacheka nini?"

Mzee Issa akapenya mlangoni, akaliokota bakuli lake, akaendelea kumlisha kijiko kimoja kimoja pale alipoishia. "Mpwa wako kakuletea nyumba, Anselmi. Mlango wake uko juu."

Mjomba akafikiri. Nilidhani atalia. Akauliza, "Mbao gani?"

"Mninga mtupu, mjomba."

"Mninga." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja mpaka nikadhani tumemwua sisi na mbao zetu. Kilipotulia akasema, "Mimi nimelala kwenye kamba hizi tangu mamako yuko hai. Sijawahi kuletewa hata ubao mmoja wa mwembe."

Hakusema kwa hasira. Laiti angesema kwa hasira, mimi hasira naimudu.

Mama Skolastika alikuwa ameshagusa paji la uso la mjomba na kuondoa mkono upesi. "Huyu aende hospitali sasa hivi, mvua haijafunga lile korongo. Ile kazi uliyowaachia akina mama wasio na baiskeli, Ndugu Damiani, leo imekupandia kwenye gari."

Tukatoka kutazama gari. Mbele hapakaliki kwa mtu asiyeweza kuketi. Nyuma ni bati tupu, limebonyea na kujaa maji. Godoro lingeloa kabla ya mikorosho. Wote tukatazama mahali pamoja, na hakuna aliyetaka kusema. Ni mjomba mwenyewe, amebebwa mgongoni na mtani wake kama mtoto, aliyesema.

"Niwekeni humo. Lakini mkifunga, nawalaani."

KORONGONI TENA, AMBAKO ALIKUWA AMENENEPA

Mbao zangu zikawekewa godoro, blanketi na mto, mjomba akalazwa, na Mzee Issa akachuchumaa pembeni yake amekiinua kifuniko kama mwavuli, msalaba juu, mvua ikimpiga yeye mgongoni. Mwislamu wa kanzu anamkinga Mkristo kwa msalaba, na Mkristo mwenye gari yuko mbele kwenye kiti kikavu. Naandika nilichokiona, maelezo muombeni padre.

Korongo lilikuwa linapanda. Koti Jekundu na wenzake walikuwa wanajiandaa kwenda kwao.

"Mzee, mbona mnarudi naye? Kaburi limejaa maji?"

"Bebeni tu, wanangu," nikasema. "Upesi."

Wakalikamata jeneza. Mzee Issa akashuka na kifuniko chake. Wakanyanyua, na wote wakaguna pamoja.

"Huh! Sasa kawa mzito!"

"Shikeni vizuri, vijana," sauti ikatoka ndani. "Upande wa miguu umeshuka."

Wawili wa nyuma waliachia wakatimua mbio, na mpaka leo sijui kama wamesimama. Jeneza likainama kuelekea kwenye maji. Nikawaza, basi, nimemletea mwenyewe na namzamisha mwenyewe. Sikumbuki kuvua viatu, ila nilijikuta kwenye matope na suti ya msiba, bega la kulia chini ya mninga, Mzee Issa bega la kushoto amekitupa kifuniko kwa Mama Skolastika. Mbele Koti Jekundu hakuachia. Alikuwa analia, machozi kabisa, huku amebeba.

"Ni mzimu, mzee?"

"Ni mgonjwa! Twende!"

"Mgonjwa kwenye jeneza?"

"Wewe beba, maswali ng'ambo!"

Tulivuka hatua kwa hatua, na mjomba humo ndani akituongoza kama utingo: kulia kidogo, kuna shimo, haya, pandisha. Nimebeba magunia ya korosho maisha yangu yote. Sijawahi kubeba kitu kizito kama yule mzee mwepesi. Na mninga, nawaambieni, si mbao za kubeba. Laiti ningechukua mwembe.

Wakasukuma gari nalo likapita. Ng'ambo nikamweleza Koti Jekundu. Aliketi chini kwenye matope akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Safari hiyo pia hakutaka kitu. Alisema, "Kama maiti tulimvusha bure, mzima tumtoze?" Mwezi huu padre akiuliza nani ameona mfuasi wa Kristo siku za kazi, nitamtaja. Dini yake sikumwuliza. Koti la kike, jekundu, mtamwona.

RUANGWA, MLANGO WA MBELE

Jua likizama tuliingia getini hospitalini. Mlinzi, mtu mpole, alitazama jeneza, akavua kofia akatuonyesha njia ya kuzunguka nyuma.

Mjomba akainua mkono. "Mimi ni wa mbele, baba."

Mlinzi alifungua mlango wa mbele, mbawa zote mbili.

Sitawachosha na sindano na dripu. Mzee Issa alirudi kwake kesho yake, mbaazi zake zilikuwa zinaliwa na nyani. Kabla ya kuondoka alinipa kile kijiko. "Mgeuze kila anapokohoa," akasema. "Usisubiri akuombe, ana haya." Mama Skolastika alirudi Nachingwea kuwaeleza ninyi, nanyi mkamwelewa mnavyojua. Akabaki nani? Akabaki mzika wafu.

Nilifua mashuka. Nilipika uji, na bila kujisifu, wodi ile haijawahi kuonja uji kama ule. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliomba vikombe. Nilimgeuza mjomba kushoto, nikamgeuza kulia. Hakuna aliyekuja kunitaja kwa jina, hakuna aliyesimama barabarani na kuvua kofia. Kazi kubwa kabisa ilikuwa kukaa. Unakaa tu, mtu anapumua, na wewe unasikiliza kama pumzi ijayo ipo. Siku za kwanza haikuwa na uhakika. Niliomba kwa maneno ambayo hayapo kwenye kitabu cha katekista, na sikuomba msamaha wa mipaka ya mashamba.

Kisha asubuhi moja akasema uji umepungua sukari. Nikajua amepona.

Tulipomrudisha kwake alikaa kiti cha mbele, jeneza nyuma. Nilitaka kuliuza pale mjini, akakataa: "Langu hilo." Watu wakasimama kando ya njia, wakavua kofia, na yeye akawapungia mkono waombolezaji wake mmoja mmoja.

CHUNYU, NA SALAMU NYINGINE

Nilidhani safari imekwisha. Wiki iliyopita kondakta akaja tena mashineni, amesimama mbali kama mtu anayesogelea nyuki.

"Bwana Damiani. Mjomba wako anaumwa, njoo na gari. Nami nasema tena mbele ya mashahidi: anaumwa."

Mlikuwepo, mliniona. Sikwenda kwa fundi. Sikuvaa suti. Nilichukua godoro, blanketi na sukari, nikaacha mashine na foleni ya watu wanapiga kelele. Marambo katekista alipunga kitabu, nikapunga nami nikapita. Korongoni Koti Jekundu akauliza, "Leo yuko wapi?" Nikasema, "Nakwenda kumfuata," nao wakanisukuma wakikimbia.

Nikamkuta uwanjani. Ameketi juu ya lile jeneza, limetiwa mbaazi mpaka juu na kifuniko kimefungwa panya wasiingie, anamenya nyingine kwenye ungo. Mzee Issa yuko chini, anacheka kabla sijazima gari.

"Mjomba! Si nimeambiwa unaumwa?"

"Jino," akasema. "Lilikuwa linauma. Limeacha."

"Na gari?"

"Mbaazi ziende sokoni." Akapepeta ungo wake bila kunitazama. "Ningekwambia nina mbaazi, ungekuja?"

Mzee Issa akadakia: "Asingekuja. Angetuma ghala la mninga."

Nilikuwa na la kusema, tena kali, kuhusu dizeli na foleni niliyoiacha. Mjomba akasogea pembeni kidogo, akapiga kifuniko kwa kiganja mara mbili.

"Kaa. Kaa kwanza."

Nikakaa. Akanipa fungu la mbaazi nimenye. Tulikuwa watu wazima wawili, na mmoja ana kitambi nilichokitolea jasho mwenyewe, na ile mbao chini yetu haikulia hata kidogo. Niliwaambia: mninga.